Kovu au Saratani

Kuna swali ambalo limewahangaisha madaktari wa koo na shingo kwa karibu miaka mia moja, na bado halijazeeka. Mgonjwa alikuwa na saratani ya koo, au ya ulimi, au ya ile sehemu iliyofichika nyuma ya pua. Amepigwa mionzi siku tano kwa wiki, wiki sita au saba. Ngozi ya shingo imegeuka nyeusi na ngumu kama mshipi. Mate yamekauka, chai haina ladha, ugali haushuki bila supu. Halafu miezi michache baadaye daktari anapapasa shingo na kukuta kitu kigumu chini ya taya. Kitu gani hicho?

Inaweza kuwa kovu tu. Inaweza kuwa uvimbe wa maji ambao mionzi yenyewe huleta. Inaweza kuwa nyama iliyokufa, au mfupa uliokufa, maana mionzi haichagui sana. Au ni ile saratani, imerudi. Ukiigusa kwa kidole, zote nne ni ngumu. Ukiziangalia kwa macho, zote nne zinaweza kuwa nyekundu, zina kidonda, zinauma.

Utasema basi si wakate kipande wapeleke maabara? Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Nyama iliyopigwa mionzi imepoteza mishipa yake midogo ya damu, na jeraha lisilo na damu ya kutosha halifungi vizuri. Kwenye zoloto, pale sauti inapotoka, kukata kipande kidogo cha gegedu kilichochomwa kunaweza kuanzisha kidonda ambacho hakitapona kamwe. Tena sindano inaweza kuchoma kovu na kuikosa saratani iliyolala sentimita moja kando. Na ukisema tungoje tuone, kuna hatari nyingine: saratani ya shingo ikirudi, upasuaji wa kuiokoa hali una dirisha lake, na dirisha hilo halikai wazi muda mrefu.

Hii ni historia ya jinsi watu walivyojaribu kulijibu swali hilo bila kisu. Ina Freud ndani. Ina mwalimu mmoja wa fizikia wa Cape Town, ina ndege ndogo, na ina sukari. Sukari hasa.

*

Tuanze na Freud, kwa sababu ugonjwa wake umeandikwa vizuri kuliko wa mtu mwingine yeyote wa wakati ule. Sigmund Freud alikuwa akivuta sigara kubwa kama 20 kwa siku. Mwaka 1923, akiwa Vienna, alipata uvimbe kwenye kaakaa upande wa kulia. Upasuaji wa kwanza ulifanywa ovyo ovyo hadi karibu avuje damu kufa. Baadaye mwaka huohuo daktari Hans Pichler akamkata sehemu ya taya la juu na kaakaa, akamwekea kifaa cha kuziba tundu lililobaki kati ya mdomo na pua. Kifaa hicho kilimuuma hadi mwisho wa maisha yake. Bila hicho hakuweza kula wala kuongea vizuri, na mtu ambaye kazi yake yote ni kuongea, hebu fikiria.

Kwa miaka 16 iliyofuata alikatwa zaidi ya mara 30, na katikati alipewa eksirei na radiamu. Kila baada ya miezi kadhaa Pichler alitazama ndani ya mdomo ule, akaona kipele au doa, akajiuliza lile swali. Chombo alichokuwa nacho ni macho, kidole na kisu. Kwa hiyo alikata. Mara nyingi kilichotoka hakikuwa saratani. Lakini angejuaje?

Mwaka 1938 Freud akawakimbia Wanazi, akahamia London. Mwishoni mwa mwaka ule kipande cha mfupa uliokufa kilitoka mdomoni mwake na akapata nafuu kidogo. Halafu mwanzoni mwa 1939 ukatokea uvimbe mwingine, juu zaidi na nyuma zaidi. Daktari wake wa kila siku, Max Schur, alishuku saratani. Wapasuaji wa Kiingereza hawakuwa na uhakika, na kusema kweli siwalaumu. Mdomo ule ulikuwa umekatwa na kuchomwa kiasi kwamba hapakuwa na mahali pa kawaida pa kulinganishia. Wiki zikapita. Wakamleta Antoine Lacassagne kutoka taasisi ya radiamu ya Paris. Kipande kilipokatwa hatimaye na kupimwa, ilikuwa saratani, na ilikuwa mahali ambapo kisu hakifiki tena. Ikabaki mionzi ya kupunguza kasi. Mbwa wake, ambaye alimpenda sana, akaanza kumkwepa kwa sababu ya harufu ya kidonda. Freud alifariki tarehe 23 Septemba 1939.

Sisemi kwamba wangejua wiki sita mapema wangemponya. Alikuwa mzee wa miaka 83. Lakini lile bishano la madaktari, huyu anasema mfupa uliokufa, yule anasema imerudi, na mgonjwa amekaa katikati anauma meno, ndilo bishano ambalo linaendelea hata leo kwenye kliniki za saratani.

*

Wakati Freud anaanza kuugua, dunia ilikuwa na njia mbili za kutibu saratani za shingo. Ya kwanza ni kisu. Mwaka 1906 mpasuaji George Crile wa Cleveland, Marekani, alichapisha taarifa ya upasuaji 132 ambao ulikuja kuwa kiolezo cha karne nzima. Wazo lake lilikuwa kwamba saratani ya kichwa husafiri kwanza hadi kwenye tezi za shingo, kwa hiyo ondoa tezi zote kwa pamoja, pamoja na vinavyozizunguka. Katika umbo lake kamili, upasuaji huo unaondoa ule msuli mnene wa pembeni mwa shingo, mshipa mkubwa wa damu, na neva inayoendesha bega. Mgonjwa anapona, lakini bega linashuka. Hawezi kuchana nywele upande ule. Ndani ya basi hawezi kuinua mkono kushika chuma cha juu.

Njia ya pili ilitoka Paris. Huko, Claudius Regaud na Henri Coutard waligundua kwamba ukiigawa mionzi katika dozi ndogondogo za kila siku badala ya kumpiga mtu kwa mkupuo mmoja, nyama nzuri inapata nafasi ya kupumua na saratani inachoka. Mwaka 1922 walionyesha wagonjwa wa saratani ya zoloto ambao uvimbe wao ulikuwa umeyeyuka na sauti zao zimebaki. Zile wiki sita au saba za leo, siku tano kwa wiki, ni mtoto wa kazi ya Coutard.

Kadiri mionzi ilivyoboreshwa, na baadaye ikaongezwa dawa za kemikali, ndivyo njia hizi mbili zilivyogongana. Kama tezi za shingo zilikuwa kubwa sana mwanzoni, hospitali nyingi ziliweka utaratibu: maliza mionzi, halafu mpasue shingo hata kama inaonekana safi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ni safi. Wapasuaji wakawa wanafungua shingo, wanapeleka tezi maabara, na mara nyingi sana jibu linarudi: hakuna saratani hai humu. Bega la mtu limeenda kulipia wasiwasi wa daktari.

*

Sasa ingia picha. Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen wa Würzburg aligundua mionzi ya eksirei, na kabla ya Krismasi alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete. Lakini eksirei ya kawaida inaona mfupa na hewa. Shingo ni mrundo wa misuli, tezi, mishipa na mafuta, vyote vyenye kivuli kimoja. Kwa miaka 75 hivi, picha ya shingo haikumsaidia sana aliyekuwa anatafuta saratani ndogo ndani ya kovu.

Aliyeanza kulifungua fumbo hilo alikuwa Mwafrika Kusini. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akifundisha fizikia Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilibaki bila mwanafizikia, na sheria ilitaka awepo mtu wa kusimamia vitu vyenye mnururisho, basi Cormack akaombwa aende siku moja na nusu kwa wiki. Akiwa pale akaona jinsi matibabu ya mionzi yalivyopangwa kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu kimoja laini toka mbele hadi nyuma. Akaanza kuwaza hesabu: ukipitisha miale kutoka pande nyingi, unaweza kukokotoa kilichomo ndani, kipande kwa kipande. Alichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali.

Uingereza, bila kumjua Cormack, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alifika palepale kwa njia yake. Hounsfield hakuwa na shahada ya chuo kikuu, alikuwa na diploma tu, na mimi niliyeacha chuo kabla ya kumaliza nalitaja hilo kwa furaha isiyo na aibu. Tarehe 1 Oktoba 1971 mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Hiyo ndiyo CT. Mwaka 1979 yeye na Cormack waligawana Nobeli ya tiba.

CT, na baadaye MRI, zilibadilisha kila kitu kuhusu saratani ya kichwa na shingo, isipokuwa lile swali letu. Zinaonyesha umbo. Zinakuambia tezi hii ina milimita 14, ukuta huu umevimba, mafuta haya yamepotea. Lakini baada ya mionzi umbo ni shahidi asiyeaminika. Kovu lina umbo, saratani ina umbo. Hata tezi ambayo saratani yake imekufa kabisa inaweza kubaki kubwa kwa miezi, kama nyumba ambayo wapangaji wamehama lakini kuta bado zimesimama. Daktari hakutaka kujua nyumba ina ukubwa gani. Alitaka kujua kama kuna mtu ndani anapika.

*

Jibu la hilo lilikuwa limeshaanza Berlin, miaka ya 1920, kwa mtu ambaye hakuwa anafikiria picha hata kidogo. Otto Warburg alichukua vipande vyembamba vya uvimbe, akapima vinakula nini. Akakuta kwamba seli za saratani zinafakamia glukosi kwa kiasi cha ajabu na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha. Ni kama mtu mwenye jiko la gesi ndani lakini anaendelea kuwasha kuni, tena nyingi. Kwa nini saratani hufanya hivyo, wanasayansi bado wanabishana. Lakini ulafi wenyewe ni kweli, na saratani nyingi za koo na shingo ni walafi wa kiwango cha juu.

Baadaye wakaja watu wa ubongo. Louis Sokoloff, kule Marekani, alitaka kujua ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi zaidi, naye alijua ubongo unakula glukosi. Ujanja wake ulikuwa kutumia glukosi bandia, iliyoondolewa atomi moja ya oksijeni. Seli inaipokea kama sukari ya kawaida, kimeng'enya cha kwanza kinaifungia fosfeti, halafu mambo yanakwama. Haiwezi kuendelea mbele na haiwezi kutoka kirahisi. Imeingia maegesho na tiketi imepotea. Inajikusanya ndani ya seli, na seli inayokula zaidi inakusanya zaidi.

Ikabaki kuitia taa. Wanakemia wa Prague walikuwa wameshatengeneza, mwishoni mwa miaka ya 1960, glukosi ya aina hiyo yenye florini mahali pa oksijeni iliyoondolewa. Katika maabara ya Brookhaven, Long Island, Tatsuo Ido na wenzake wakatafuta namna ya kuiweka florini-18, florini yenye mnururisho. Atomi hiyo ikivunjika inatoa positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Positroni haifiki mbali. Inakutana na elektroni ya jirani, zote mbili zinatoweka, na mahali pake zinaruka fotoni mbili zikielekea pande mbili kinyume kabisa. Weka duara la vipokezi kumzunguka mtu. Vipokezi viwili vikigongwa kwa wakati mmoja, basi unajua kilichotokea kiko kwenye mstari ulionyooka kati yao. Kusanya mistari mamilioni, fanya hesabu za jamaa wa Cape Town, unapata picha ya nani anakula sukari na yuko wapi. Mashine ya aina hiyo ilikuwa imejengwa St. Louis katikati ya miaka ya 1970 na Michael Phelps, Edward Hoffman na Michel Ter-Pogossian. Ndiyo PET.

Shida ni kwamba florini-18 haina subira. Kila baada ya dakika 110 nusu yake imekwisha. Ukiitengeneza saa mbili asubuhi, saa nne kasoro dakika kumi una nusu, na kufikia saa sita mchana huna hata robo nzima. Mnamo Agosti 1976 dozi za kwanza za binadamu zilitengenezwa Brookhaven, zikapakiwa kwenye ndege ndogo na kurushwa hadi Philadelphia, ambako Abass Alavi, daktari mzaliwa wa Iran, aliwadunga watu wawili wenye afya waliojitolea. Picha ya kwanza ilikuwa ya ubongo, na haikuwa kali sana. Kwa foleni ya Waiyaki Way saa kumi na moja jioni, dawa hiyo ingefika ikiwa maji tu.

*

Nani alikuwa wa kwanza kuitumia sukari hii kwa swali letu? Ilianza kwenye ubongo. Mwaka 1982 watu wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, katika kundi la Giovanni Di Chiro, waliripoti wagonjwa waliokuwa wametibiwa uvimbe wa ubongo kwa mionzi, kisha CT ikaonyesha kitu kipya. Ni saratani au ni ubongo uliokufa kwa mionzi? PET ikawatenganisha: palipokufa pakawa giza, palipokuwa na saratani pakawaka. Nyama iliyokufa haili. Ukiliangalia leo ni jambo rahisi sana, hadi unashangaa.

Madaktari wa koo wakafuata katika miaka ya 1990, wakakuta shingo si ubongo. Shingo ni mtaa wa kelele. Tonsili zinakula sukari. Tezi za mate zinakula sukari. Ukiongea baada ya kudungwa, misuli ya sauti inawaka kama Krismasi. Ukitafuna chingamu, taya zinawaka. Ukisikia baridi, kuna mafuta fulani ya kahawia kando ya shingo yanayochoma sukari ili kukupa joto, nayo yanawaka palepale ambapo tezi za saratani hukaa. Sukari ya damu ikiwa juu, kwa mfano kwa mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, picha nzima inafifia. Na PET ya peke yake haina ramani: unaona nukta inang'aa, lakini hujui kama iko kwenye ukuta wa koo au kwenye tezi iliyo nyuma yake.

Ramani ililetwa na David Townsend na Ronald Nutt, waliounganisha PET na CT katika mashine moja. Ya kwanza ya majaribio ilianza kazi Pittsburgh mwaka 1998, na jarida la Time likaiita uvumbuzi wa mwaka 2000. Kwa saratani za shingo, nadhani hakuna mashine iliyofaa kuliko hiyo, kwa sababu hakuna sehemu ya mwili iliyobanana namna ile.

Lakini kulikuwa na adui mwingine ambaye hakuna mashine iliyoweza kumshinda, naye ni haraka. Mionzi ikimalizika, koo ni kidonda kitupu. Chembe za kinga zinamiminika kusafisha, na chembe za kinga zinazofanya kazi zinakula sukari pia. Pia kuna seli za saratani ambazo zimeshauawa lakini hazijajua. Mionzi huvunja uwezo wao wa kugawanyika, halafu wanachukua wiki kadhaa kufa. Ukipiga picha mwezi mmoja baada ya matibabu, unaweza kuona moto kila mahali usijue upi ni wa nani, au usione kitu na saratani ipo imeduwaa tu. Kathryn Greven na wenzake wa North Carolina waliwapiga picha wagonjwa wao mara kadhaa baada ya mionzi, wakaonyesha kwamba picha ya mwezi wa kwanza haiaminiki, ya mwezi wa nne inaaminika zaidi. Polepole kanuni ikakaa: wiki 12. Usiipige kabla.

Ebu fikiria kumwambia hivyo mgonjwa. Umemaliza matibabu, umepungua kilo, unalishwa kwa mpira, na sasa nenda nyumbani ukae miezi mitatu bila kujua. Historia za tiba hupenda kumsifu aliyejenga mashine. Mimi naona kazi ngumu zaidi ilikuwa ya hawa waliojifunza ni lini wasiiwashe.

*

Kisha ikaja kesi yenyewe. Hisham Mehanna wa Birmingham na wenzake katika vituo 37 vya Uingereza waliwachukua wagonjwa 564 ambao saratani yao ilikuwa imeenea hadi kwenye tezi za shingo. Wakawagawa kwa kura. Nusu walipata mionzi na dawa pamoja na upasuaji wa shingo uliopangwa, kama ilivyokuwa kawaida. Nusu walipata mionzi na dawa, wakasubiri wiki 12, wakapigwa PET-CT, na shingo ikafunguliwa tu ikiwa picha haikuwa safi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai katika kundi la picha walikuwa asilimia 84.9. Katika kundi la upasuaji, asilimia 81.5. Yaani hakuna aliyepoteza maisha zaidi kwa kuachwa bila kukatwa. Upasuaji wa shingo ulikuwa 221 upande mmoja, na 54 upande mwingine. Na serikali iliokoa karibu pauni 1,492 kwa kila mgonjwa. Kuna takwimu nyingi ambazo hazinisisimui, lakini hiyo tofauti ya 221 na 54 nimeirudia mara kadhaa. Ni mabega.

Uholanzi nako walifanya jaribio kama hilo kwa zoloto: wagonjwa 150 waliokuwa na dalili kwamba saratani imerudi baada ya mionzi. Desturi ilikuwa kumtia kila mmoja nusukaputi, kuingiza darubini kooni na kukata vipande. Walipoanza na PET, wakawapeleka chumba cha upasuaji wale tu ambao picha yao ilitia shaka, watu wengi waliepuka kulazwa na kukatwa bure.

Hapa ni muhimu kuelewa picha hii ni hodari kwa lipi. PET ikiwa safi kwenye wiki ya 12, inaaminika sana. PET ikiwaka, tulia kwanza. Inaweza kuwa jino bovu, maambukizi, mfupa unaokufa. Picha iliyowaka ni sababu ya kukata kipande, haijawa hukumu. Na zile saratani za tonsili na mzizi wa ulimi zinazoletwa na kirusi cha HPV, tezi zake husinyaa taratibu zaidi, kwa hiyo picha yenye shaka wakati mwingine hurudiwa baada ya wiki nyingine kadhaa badala ya kukimbilia kisu.

*

Na sisi? Nairobi iko ndani ya historia hii mapema kuliko watu wengi wanavyojua. Katika miaka ya 1950 na 1960, Peter Clifford alikuwa mpasuaji wa pua, masikio na koo katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta, na alikuwa akiona saratani ya nyuma ya pua kwa wingi uliomshangaza. Vipande vya uvimbe kutoka kwa wagonjwa wa Nairobi vilisafirishwa kwa ndege hadi Stockholm, kwa George Klein. Mwaka 1970 Harald zur Hausen alichapisha ushahidi kwamba ndani ya saratani hizo kuna vinasaba vya kirusi cha Epstein-Barr, na jina la Clifford limo kwenye ripoti hiyo. Majina ya wagonjwa, bila shaka, hayamo.

Hilo limekuja kuwa na faida ambayo hakuna aliyeitabiri. Mwaka 1999 Dennis Lo na wenzake wa Hong Kong walionyesha kwamba vinasaba vya kirusi hicho vinaweza kupimwa ndani ya damu ya mwenye saratani ya nyuma ya pua. Saratani ikifa vinapungua, ikirudi vinapanda. Damu haikuambii imerudi wapi, lakini inaweza kukuambia ni wakati wa kupiga picha.

Picha yenyewe ilichelewa kufika. Kwa miaka mingi Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine za mionzi nchini, na foleni yake kila Mkenya mwenye jamaa mgonjwa anaijua. Aliyetaka PET alipanda ndege kwenda India au Afrika Kusini. Mashine ya PET-CT ilipoanza kazi Aga Khan, Nairobi, mwaka 2018, ilikuja na saiklotroni yake, kwa sababu ya zile dakika 110. Sukari hii huwezi kuagiza kutoka Mumbai. Miaka michache baadaye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale barabara ya Thika, ikafungua kituo chake, nacho na saiklotroni. Zote mbili ziko upande mmoja wa ramani. Kwa mtu wa Lodwar au Lamu, kanuni ya wiki 12 inamtaka arudi safari ile ndefu akiwa hana dalili yoyote, kwa pesa ambazo familia ilishamaliza kwenye mionzi.

Wengi hawarudi. Wanaorudi, wengi wao wanachunguzwa kwa vitu ambavyo Pichler angevitambua: kidole, kioo kidogo, mpira wenye kamera kupitia puani, na CT pale inapopatikana. Madaktari wazuri wanafanya mengi kwa hivyo. Wanapapasa shingo ileile kila mwezi, mkono uleule ukiwezekana, wakilinganisha na walichoandika mwezi uliopita. Kovu likikaa halibadiliki sana. Saratani hukua. Lakini kusubiri ikue ndipo uijue ni njia ghali ya kuijua.

Anayefanikiwa kufika kwenye mashine anaambiwa asile kwa saa sita kabla. Wanampima sukari kwa tone la damu kidoleni. Anadungwa, halafu anapelekwa kwenye chumba cha peke yake chenye joto, anafunikwa blanketi, simu imezimwa. Haruhusiwi kuongea. Haruhusiwi kutafuna wala kuimba kimoyomoyo huku koo likitikisika. Anakaa hivyo kama saa moja, akingoja sukari imalize kuchagua inaenda wapi, ndipo aitwe.